Makhan Singh na Haki ya Mfanyakazi Kuutaja Ujira Wake

Makala haya yanadhamiria kusimulia maisha ya Makhan Singh, mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi aliyeishi kati ya 1913 na 1973, kwa kuyatazama kupitia jambo moja ambalo aghalabu hupitwa upesi na wanaomwandika. Wengi humkumbuka kama mtu aliyesimama mbele ya umma jijini Nairobi mnamo 1950 akataka Afrika Mashariki ipewe uhuru kamili bila kukawia. Hilo ni kweli na lina uzito wake. Hata hivyo, kabla ya kudai uhuru wa nchi alikuwa amedai jambo dogo zaidi na, kwa maoni yangu, gumu zaidi: kwamba mfanyakazi awe na nafasi ya kumwambia mwenzake analipwa kiasi gani, wakae walinganishe, kisha waende kwa tajiri wakiwa na kauli moja.

Huenda msomaji akauliza kutaja mshahara kuna ugumu gani. Jibu la swali hili limejificha katika msamiati wetu wenyewe. Neno mshahara limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi. Mwenye mshahara ni yule ambaye kazi yake inahesabiwa kwa mwezi. Kibarua, kwa upande wake, ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mtu wa kutwa ili kionyeshwe jioni wakati wa malipo. Jina la karatasi likahamia kwa mtu aliyeishika. Kisha kuna kipande. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimu miaka kumi na sita alilazimika kuwa na cheti chenye jina lake, alama za vidole, orodha ya waajiri wake na kiasi alicholipwa na kila mmoja wao. Cheti hicho kilitiwa katika kijaluba cha chuma na kuning'inizwa shingoni.

Hebu tulitazame jambo hili kwa makini. Mfanyakazi alitembea na mshahara wake kifuani, lakini wa kuusoma hakuwa mfanyakazi mwenzake. Alikuwa mwajiri wa kesho, ambaye akishajua kuwa mtu huyu alipokea shilingi kadhaa kwa bwana wa jana, hakuona sababu ya kumzidishia hata senti. Habari za ujira zilipita baina ya matajiri kupitia shingo ya mlalahoi. Fauka ya hayo, mnamo 1921 bei ya mazao iliposhuka, walowezi walikubaliana katika vikao vyao kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Waajiri waliketi, wakajadili, wakaafikiana, na hakuna aliyewaita wachochezi. Harry Thuku alipowakusanya watu kuyalalamikia mambo hayo, alitiwa mbaroni Machi 1922 na umati uliokwenda kudai aachiliwe ukamiminiwa risasi mbele ya kituo cha polisi jijini Nairobi.

Sheria haikuhitaji kukataza mazungumzo yenyewe. Ilitosha kuyazuia yanayofuata mazungumzo. Chini ya sheria ya mabwana na watumishi ya 1906, kuiacha kazi kabla ya muda wa mkataba lilikuwa kosa la jinai, si suala la madai baina ya watu wawili. Mtu angeweza kugundua kwamba anapunjwa, lakini ugunduzi wake ungemfaa nini ikiwa kuondoka ni jela?

Hii ndiyo Kenya aliyoikuta Makhan Singh. Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilayani Gujranwala, Punjab, eneo ambalo kwa sasa limo nchini Pakistan. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa fundi aliyetangulia kuja Kenya kufanya kazi katika reli, naye alionja mapema siasa za mafundi na vyama vyao. Familia ilimfuata mwaka 1927, Makhan akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Alisoma katika shule ya upili ya Wahindi ya serikali jijini Nairobi, ile ijulikanayo siku hizi kama Jamhuri, na mwaka 1931 akafaulu mtihani wa Chuo Kikuu cha London wa kuingilia elimu ya juu. Alikuwa mwanafunzi hodari, hasa katika hisabati. Pesa za kumwendeleza masomoni hazikupatikana. Baba yake alikuwa amefungua matbaa, naye kijana akaingia humo kufanya kazi.

Wanaomsifu Makhan Singh huizungumzia matbaa hii kama riziki tu. Mimi naiona kuwa chuo chake. Mchapishaji wa Nairobi ya wakati huo alipitiwa mikononi na maandishi ya kila namna: hesabu za wenye maduka, mialiko ya arusi, matangazo ya mikutano, stakabadhi. Aidha alilazimika kuzimudu lugha na hati za aina nyingi. Makhan Singh, ambaye alikuwa pia mtunzi wa mashairi kwa Kipunjabi, alijua kwamba neno likishachapwa na kugawiwa mia kadhaa halirudi tena kinywani mwa aliyelitamka. Ujuzi huu ndio uliomfanya mafundi wamtafute.

Mafundi hao walikuwa maseremala, waashi na makanika wa Kihindi walioanzisha chama chao mwaka 1934. Mnamo Machi 1935 walimwomba Makhan Singh awe katibu, kazi isiyokuwa na malipo. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja. Jambo la kwanza la maana alilolisimamia ni kulibadilisha jina la chama ili neno lililokitambulisha na Wahindi pekee liondoke. Kikawa chama cha wafanyakazi wa Kenya, mlango wazi kwa mtu wa rangi yoyote, dini yoyote na tabaka lolote. Miaka miwili baadaye kilipanuliwa jina kikawa cha Afrika Mashariki nzima.

Badiliko hili la jina si dogo jinsi linavyoonekana. Ujira katika Kenya ya mkoloni ulipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mpango huo ulisimama juu ya ukimya. Fundi wa Kihindi akilalamika, tishio lilikuwa kwamba yuko Mwafrika atakayeifanya kazi hiyo kwa ujira wa chini. Mwafrika naye akilalamika, alionyeshwa Mhindi kuwa ndiye anayemla. Kila mmoja alijua kwamba mwenzake analipwa tofauti, lakini kwa uvumi, na uvumi huzaa wivu badala ya hesabu. Dawa aliyoipendekeza Makhan Singh ilikuwa kuwaketisha watu hao katika chama kimoja ili uvumi ugeuke tarakimu. Wahenga walikwishasema kwamba mficha uchi hazai, na sidhani kama kuna mahali methali hii inafaa zaidi kuliko kwenye bahasha ya mshahara.

Ni vyema kukiri, kwa upande mwingine, kwamba mlango kuwa wazi si sawa na watu kuingia. Katika miaka ya mwanzo wanachama walikuwa Wahindi kwa wingi mno, na Waafrika walijiunga polepole. Wapo wanaolitumia jambo hili kumshusha hadhi, wakidai kuwa umoja wake ulikuwa wa karatasini. Naona dai hilo halimtendei haki. Kufikia 1939 viongozi wa Kikuyu Central Association, Jesse Kariuki miongoni mwao, walikuwa wakishiriki katika shughuli za chama, na vikaratasi vyake vilikuwa vikisambazwa kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza na lugha za Kihindi. Huo ulikuwa mwendo wa miaka minne tu, katika nchi ambamo hata vyoo na mabehewa ya gari la moshi vilitengwa kwa rangi.

Kwa sadfa, mwaka huo huo wa 1935 nchini Marekani, Rais Roosevelt alitia sahihi mwezi Julai sheria iliyopewa jina la Seneta Robert Wagner. Kifungu chake cha saba kinawalinda wafanyakazi wanaoshirikiana kwa manufaa yao ya pamoja, na mahakama pamoja na bodi ya kazi ya huko zimekifasiri kuwa kinajumuisha haki ya wafanyakazi kuambiana mishahara yao. Sheria hiyo iliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa nyumbani, ambao wengi wao katika majimbo ya kusini walikuwa watu weusi. Sina ushahidi kwamba Makhan Singh aliifuatilia. Naitaja kwa sababu inaonyesha tofauti ya mazingira: huko haki hiyo ilitungwa bungeni ikiwa na mianya yake, ilhali huku ilibidi ichukuliwe kwanza barabarani.

Na ilichukuliwa. Mwaka 1936 chama kilidai siku ya kazi iwe ya saa nane kuanzia tarehe 1 Oktoba, na waajiri wengi wa Nairobi wakasalimu amri. Mnamo Aprili 1937 kikadai nyongeza ya mshahara. Waajiri walipokataa, mafundi waliweka zana chini kwa takriban miezi miwili. Yeyote aliyewahi kuishi kwa kijungujiko anajua miezi miwili bila mapato ina maana gani kwa mwenye watoto. Mgomo uliisha kwa wafanyakazi kurejeshwa kazini na kupata nyongeza iliyoanzia asilimia 15. Kinachovutia ni kwamba nyongeza hiyo haikuwa ya mtu mmoja mmoja aliyeitwa faraghani na kupapaswa bega. Ilikuwa kiwango kilichotajwa, kikajulikana na kila mtu. Mwaka huo huo serikali ilipitisha sheria ya kusajili vyama vya wafanyakazi, kwa nia ya kuvidhibiti, na chama cha Makhan Singh kikasajiliwa.

Mwishoni mwa 1939 alisafiri kwenda India. Huko alijiunga na harakati za wafanyakazi, na Mei 1940 Waingereza wakamkamata. Alizuiliwa bila kufunguliwa mashtaka, kisha akawekewa mipaka ya kutotoka kijijini kwao hadi mwanzoni mwa 1945. Baada ya hapo alifanya kazi katika gazeti la wakomunisti kule Lahore. Yeye mwenyewe hakuwahi kuficha kwamba alikuwa mkomunisti, jambo lililowapa wakoloni neno rahisi la kumtisha nalo kila mtu.

Alirejea Kenya Agosti 1947 na kuikuta nchi nyingine. Mnamo Januari mwaka huo wafanyakazi wa Mombasa, kuanzia makuli wa bandarini hadi watumishi wa hoteli na wa majumbani, walikuwa wamegoma kwa karibu wiki mbili. Siku za mgomo walikutana katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Jina hilo linastahili kuzingatiwa na wanaisimu wetu. Maskini hapa si mwombaji wa sadaka. Ni mtu anayefanya kazi kutwa na bado jioni hana kitu, na anayelitamka neno hilo hadharani pasi na kuona haya kwa sababu amezungukwa na maelfu walio kama yeye. Katika kiwanja kile dobi, mpagazi na mpishi waliusikia ujira wa kila mmoja wao kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuna aliyehitaji mkalimani kuielewa. Kutokana na mgomo huo kiliimarika chama kilichoongozwa na Chege Kibachia. Mwezi ule ule aliorejea Makhan Singh, Kibachia alikamatwa, na baadaye akapelekwa Kabarnet alikowekwa kwa takriban miaka kumi.

Serikali haikutaka Makhan Singh abaki. Ilimwamuru aondoke, akakataa. Ikamfikisha mahakamani, akapambana. Alishikilia kwamba Kenya ni kwao.

Wakati huo huo ubaguzi wa mishahara ulipewa sura ya kisomi. Tume ya Holmes, iliyochunguza mishahara ya watumishi wa serikali katika Afrika Mashariki, ilipendekeza mwaka 1948 kwamba asiyekuwa Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu hata kama kazi ni moja. Kanuni hiyo ilidumu mpaka tume nyingine, ya Lidbury, ilipopendekeza mwaka 1954 iondolewe. Tukumbuke kwamba kanuni ya tatu kwa tano iliandikwa waziwazi katika ripoti ya serikali. Mkoloni hakuona haya kuitaja. Siri ilitakiwa pale tu ambapo wanaotajana ni wafanyakazi.

Tarehe 1 Mei 1949 vyama kadhaa viliungana na kuunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki, Fred Kubai akiwa rais na Makhan Singh katibu mkuu. Serikali ilikataa kulisajili. Kwa hivyo kila kikao chao kilikuwa kinyume cha sheria kabla hata ajenda haijasomwa. Tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa pamoja wa Waafrika na Wahindi kwenye ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alitaka azimio la uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki lipitishwe. Wapo wanaoona hapa kwamba aliacha mambo ya mishahara akaingia siasa. Sioni mpaka huo. Mtu aliyejaribu kwa miaka kuwafanya watu wajue wanalipwa nini na kwa sababu gani, mwishowe hana budi kufika kwa anayezitunga sababu hizo.

Tarehe 15 Mei 1950 yeye na Kubai walikamatwa. Kesho yake Nairobi iligoma. Mgomo uliendelea kwa zaidi ya wiki moja na kuenea hadi miji mingine. Miongoni mwa madai yalikuwa viongozi waachiliwe na kima cha chini cha mshahara kiwe shilingi 100 kwa mwezi. Zingatia tarakimu hiyo. Ilikuwa nzima, fupi, rahisi kukumbukwa, na iliweza kusemwa na tarishi au mfagiaji wa Pumwani bila kuangalia karatasi.

Kesi ya Makhan Singh ilisikilizwa Nyeri, na mwisho wake ulikuwa amri ya kumweka kizuizini. Alipelekwa Lokitaung, kaskazini ya mbali, kisha Maralal, halafu Dol Dol. Aliachiliwa Oktoba 1961, baada ya zaidi ya miaka kumi na moja. Hakuna Mkenya mwingine wa enzi hizo, kwa kadiri ya nisomayo, anayetajwa mara chache kiasi hicho huku akiwa amezuiliwa muda mrefu kiasi hicho. Wanawe walikua bila yeye. Hali ya hatari ilitangazwa mwaka 1952 na kuondolewa 1960, yote akiwa ndani.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 hakupewa wadhifa wowote wa haja. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa na viongozi wapya waliokwishakua na wadhamini wao, na neno ukomunisti lilikuwa bado linawatisha wakubwa wapya jinsi lilivyowatisha wale wa zamani. Hakulalamika hadharani. Aliketi akaandika. Historia yake ya harakati za wafanyakazi wa Kenya hadi 1952 ilitolewa mwaka 1969, nayo ni kitabu kigumu kusomeka: tarehe, maazimio, majina ya wajumbe, viwango vya mishahara, ukurasa baada ya ukurasa. Mhakiki wa fasihi atakiona kikavu. Kinachonishangaza ni kwamba mwandishi anajitaja kwa nafsi ya tatu, kama kwamba Makhan Singh ni mjumbe mwingine aliyehudhuria kikao. Ana tawasifu mikononi mwake lakini anaiandika kama kumbukumbu za mkutano. Sidhani kwamba ni unyenyekevu peke yake. Nafikiri alikuwa bado katibu, na katibu hujua kwamba tarakimu ikishaandikwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuisoma, mwenye nguvu hawezi tena kuikana.

Msomaji wa leo anaweza kusema haya ni ya kale. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, ya kujiunga na chama na ya kugoma. Nayo Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri alipe sawa kwa kazi zenye thamani sawa. Lakini mtu atajuaje kwamba kazi yake na ya mwenzake zina malipo sawa ikiwa mkataba aliotia sahihi unamkataza kuutaja mshahara? Vifungu vya namna hiyo si vigeni kwa wenzetu walioajiriwa katika makampuni ya binafsi, na hata wahadhiri wa muda wanaofundisha kozi moja hunong'onezana malipo yao kwenye korido kana kwamba wanatajiana maradhi.

Makhan Singh alifariki dunia tarehe 18 Mei 1973 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Kitabu chake cha pili, kinachoendeleza historia hiyo kutoka 1952 hadi 1956, kilitolewa mwaka 1980. Nyaraka zake, alizozihifadhi kwa uangalifu wa mchapishaji, zimo katika makavazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na miongoni mwake mna barua, kumbukumbu za vikao na vikaratasi vya miito ya mikutano. Wanaohistoria wamezipekua kwa ajili ya siasa. Kiswahili cha vikaratasi vile, yaani namna wafanyakazi wa Nairobi walivyoandika neno nyongeza, neno saa na neno mgomo kabla ya usanifishaji kuwafikia vyema, bado kinangoja mwanafunzi wa idara yetu.